Kaisari Ndani ya Mkate

Asubuhi ya Krismasi Radivoj Trailov alifungua kiberiti anachomfichia kaisari wake, akakuta ndani yake sarafu ya dinari ishirini.

Akaitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mgeni kalala kitandani mwake. Ilikuwa sarafu mpya, nyepesi, isiyotosha kununua hata hicho kiberiti. Aliijua. Jana yake alimwekea mkewe kiganjani, akamkunja vidole juu yake, akamwambia taratibu, kama alivyozoea siku hizi kumwambia kila kitu mara mbili: "Hii ya kutia kwenye mkate wa kesho, Stamena. Hii hapa. Ya mkate." Sasa dinari imelala juu ya pamba ya kaisari, na mkate uko jikoni, harufu yake imejaa nyumba nzima.

Kaisari huyo aliitwa Pakatiani. Alijitangaza mwenyewe hapa hapa kandokando ya mto Danubi, karibu miaka elfu moja na mia nane iliyopita. Akagongesha sarafu za fedha zenye sura yake, kwa pupa ya mtu anayejua kwamba siku zake zinahesabika, na kweli hazikuwa nyingi: askari wake wenyewe wakamwua. Wafalme wa namna hiyo hawaachi mji wala kaburi. Huacha sarafu, nazo chache kuliko meno ya kuku.

Radivoj alikuwa nayo moja. Miaka sita iliyopita aliifunga kwenye leso akaipeleka makumbusho ya mjini. Kijana mmoja wa huko, Budimir, mwenye koti jeupe na haraka nyingi, aliigeuza mara mbili tu, akasema mbele ya kundi zima la wanafunzi: "Mzee, hii bandia, imemiminwa juzi." Wanafunzi walicheka. Radivoj alitembea kilomita kumi na moja kurudi kwake ilhali basi lilikuwepo, maana mtu mwenye hasira kama ile hakai kwenye kiti. Tangu siku hiyo mgahawani wakamwita Kaisari. Akiingia tu, mmoja anasimama kumpigia saluti.

Halafu wiki iliyopita Budimir akapiga simu. Wachimbaji wamefukua sarafu nyingine, iliyogongwa kwa muhuri uleule, hata ufa wa muhuri uko palepale, juu ya herufi ya tatu ya jina. Kitabu cha sarafu zote za wilaya kiko kwa mpiga chapa; ukurasa wa mwisho unafungwa siku inayofuata Krismasi. Lazima aione ya Radivoj kwa macho yake. Atapita asubuhi ya sikukuu, akitoka kwa mama yake kijiji cha pili. Atakaa saa moja tu.

Radivoj alifunga kiberiti, akaenda jikoni.

Stamena alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko la kuni, mikono mapajani, unga mpaka viwikoni. Sakafuni majani ya ngano yaliyotandazwa kwa ajili ya sikukuu yalikuwa yamefuata nyayo zake, kutoka mezani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mezani. Juu ya meza palikuwa na bakuli la siki, kopo la majivu, na kitambaa kilichokuwa cheupe jana. Radivoj alikiinua kitambaa. Kilikuwa kimekamata weusi. Weusi ule aliujua kuliko rangi ya macho yake mwenyewe: karne kumi na saba za udongo, zilizokaa kwenye mashavu ya kaisari na katika mikunjo ya shingo yake, na ambazo yeye Radivoj, kwa miaka zaidi ya arobaini, hakuthubutu kuzigusa hata kwa pumzi.

"Stamena. Umetia nini kwenye mkate?"

"Unga," alisema. "Maji. Chumvi. Unataka kunifundisha?"

"Sarafu. Umetia sarafu gani?"

"Ya fedha." Akamtazama kwa lile jicho lake la zamani, la kumpima mtu kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe ulinipa kifungo cha suruali, baba Vida. Tangu lini mkate wa nyumba hii ukatiwa bati? Nimeitafuta ile ya mama, siioni. Nikapata hiyo nyingine. Chafu hiyo, sijapata kuona. Mmemwacha mtu wa watu ana masizi usoni kama mchoma makaa."

Radivoj alikuwa amekuja na maneno makali, yamepangana ulimini. Yalimwishia palepale.

Ile ya mama ilikuwa dinari nzito ya fedha, ya enzi za wafalme. Mama yake Radivoj aliitia kwenye mkate wa Krismasi kila mwaka, na siku Stamena alipoingia nyumba hii kama bibi arusi, akamkabidhi. Mwaka themanini na moja, kwenye mnada wa ng'ombe, Radivoj alimpa mlimaji mmoja dinari hiyo na chupa mbili za rakia, pombe kali ya matunda, juu yake, akapokea kipande cheusi kilichofukuliwa na jembe. Nyumbani akasema ile ya mama imeangukia kati ya mbao za sakafu. Stamena aling'oa mbao tatu akiitafuta. Radivoj alimshikia taa.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Mkate wa Krismasi hauguswi na kisu. Ukitoka motoni unafunikwa, unangoja mlo wa saa sita. Hapo watu wa nyumba wanaushika pamoja, wanauzungusha mara tatu, wanauvunja kwa mikono, na sarafu ni ya yule iliyemwangukia. Budimir anafika saa tatu. Saa nne anaondoka.

Alifika saa tatu kasoro dakika tano, theluji ikiwa imemshika mpaka magotini. Akawa ndiye mtu wa kwanza kukanyaga kizingiti siku hiyo, na mtu huyo ana kazi yake, awe daktari au mchunga nguruwe. Kabla hajavua koti Stamena alimmiminia ngano kichwani, punje zikamwingia shingoni. Radivoj akampa kijiti. Budimir akainama mbele ya mlango wa jiko, akalichokoa gogo la mwaloni, cheche zikaruka.

"Kama cheche hizi," alisema, akitafuta maneno ya utotoni, "ndivyo wawe wengi kondoo, na ng'ombe, na nyuki..."

"Na akili," alisema Radivoj.

"Na akili. Kristo amezaliwa, mzee."

"Kweli amezaliwa. Keti, mtaalamu."

Budimir hakuketi. Aliizungusha kofia yake mikononi. "Mzee Radivoj, kabla ya yote. Ile siku pale makumbusho..."

"Siku gani?"

"Unaijua."

"Mimi mzee bwana, nasahau. Nikumbushe ulisemaje." Neno *nasahau* lilimchoma ulimi lilipotoka, akamtupia Stamena jicho, lakini yeye alikuwa anautoa mkate motoni, hakusikia.

"Nilisema imemiminwa juzi," alisema Budimir.

"Na nini tena?"

"Basi, ni hayo."

"Ulisema nikafuge kuku."

Budimir aliona haya mpaka masikioni. "Nilisema ukafuge kuku."

"Nilikuwa nao tayari," alisema Radivoj. "Kumi na wanane. Ungeuliza kwanza."

Stamena aliuweka mkate katikati ya meza. Ulikuwa mkubwa kama gurudumu la mkokoteni wa mtoto, mwekundu juu, umechorwa msalaba na ndege wawili, na ndege mmoja alikuwa na mkia mzuri kuliko mwenzake. Akaufunika kwa taulo la sikukuu, akalitengeneza pembe zote nne, kisha akaenda chumbani kuvaa.

"Sasa," alisema Budimir, akitoa lenzi yake mfukoni na kuipuliza. "Iko wapi?"

Radivoj alionyesha kwa kidevu.

Budimir alicheka. Akamtazama Radivoj, akaacha kucheka. "Ndani ya oveni? Fedha ya mwaka mia mbili arobaini na nane?"

"Na kabla ya hapo ikasuguliwa kwa siki na majivu."

Budimir aliketi bila kukaribishwa tena. Alishika kile kitambaa, akakigeuza, akakirudisha mezani polepole kama mtu anayerudisha shuka juu ya maiti. "Nani kafanya hivi?"

"Mwenye nyumba."

"Basi tuuvunje."

"Hauvunjwi mpaka saa sita. Mama yako kakulea wapi?"

"Mzee, saa nne niko njiani. Kwa wakwe zangu wamechinja nguruwe mzima, na mama mkwe yule ukichelewa supu anakutazama mpaka Pasaka." Alishusha sauti. "Nipe sindano ya kufumia. Tunachoma hapa, hapa na hapa, ikigonga tunapasua kidogo chini, tunaitoa, nataka dakika mbili tu za lenzi, tunairudisha. Bibi hatajua."

Bibi hatajua. Hilo Radivoj alilijua kuliko mtu yeyote. Tangu mavuno ya zabibu Stamena alikuwa akipotelewa na vitu, kwanza majina ya majirani, halafu njia ya kwenda kisimani, halafu siku nzima. Alitia viatu vya ndani kwenye oveni. Aliuliza mama mkwe amekwenda wapi, na mama mkwe yuko makaburini huu mwaka wa thelathini na mbili. Ukimharibia kitu saa tatu, saa nne hakipo. Radivoj alifungua droo. Sindano hakuiona, akatoa kisu cha kuchunia, chembamba, akalikunja taulo upande mmoja. Mvuke ukampanda usoni. Alifikiria mgahawa, na watu wakisimama kumpigia saluti, na kitabu kikiwa wazi juu ya meza yao: Radivoj Trailov, jina zima, kwa herufi za kupigwa chapa. Akatafuta mahali pa kuchoma, chini ya yule ndege mwenye mkia mbaya.

"Radivoj," Stamena aliita kutoka chumbani. "Njoo unifunge vifungo."

Alikwenda, kisu akikiacha kando ya mkate. Stamena alikuwa amesimama mbele ya kioo na kizibao chake cheusi cha mahameli, kile cha harusi na cha misiba, kimefungwa kifungo cha pili kwenye tundu la nne.

"Vimezidi," alisema. "Zamani vilikuwa sita."

"Ni sita."

"Basi hesabu wewe."

Alipiga goti, maana huwa anaanzia chini. Vidole vyake navyo vilikuwa vinene kwa baridi ya miaka yote ile, kila kifungo kikataka kubembelezwa.

"Hukuwepo," alisema Stamena juu ya kichwa chake.

"Nilikuwa zizini."

"Hukuwepo. Nimeamka kabla ya jogoo, nikateka maji mapya, nikachekecha unga. Hukuniambia hata kitu kimoja. Hukusema sasa chumvi, hukusema sasa maji. Mikono imejua yenyewe."

Radivoj alinyanyua uso. Alidhani analaumiwa, kumbe alikuwa anatambiwa. Mkewe alikuwa amesimama wima kama alivyosimama siku alipomshinda dada yake yeye Radivoj kuvuna mahindi, mbele ya kijiji kizima, akiwa na mimba ya binti yao Vida.

"Sikusema kitu," alikiri.

Stamena akautazama uso wake, na kiburi kikaanza kumtoka pole pole. Ndivyo ilivyokuwa siku hizi: yeye alisoma sura za watu kwanza ndipo ajue kama amefanya vyema au vibaya, kama msafiri katika nchi ya lugha ngeni.

"Radivoj, kuna kitu nimekosea?"

Kifungo cha tano kilikuwa bado. Alikifunga. Akafunga na cha sita.

"Hakuna," alisema. "Umekanda vizuri. Hata mama angenyamaza."

"Mama hajawahi kunyamaza."

"Leo angenyamaza."

Alirudi jikoni, akachukua kisu, akakitupa drooni, akalirudisha taulo juu ya mkate. Budimir alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Mkate unavunjwa saa sita," alisema Radivoj. "Ukingoja, kiti hicho, na rakia iko nyuma yako. Ukishindwa, njia njema, na kitabu chako kifungwe bila mimi."

"Mzee. Umenisubiri miaka sita."

"Ndiyo. Niliihesabu mwenyewe. Wewe umeisikia leo."

"Hutakuwemo kitabuni. Watapita miaka ishirini kabla hatujachapa kingine."

"Nimekusikia. Sijawa kiziwi."

Budimir alimtazama, akautazama mlango wa chumbani, ambako Stamena alikuwa anaimba kitu kwa sauti ndogo, ubeti mmoja tu, akiurudia. Akatoka nje na simu yake. Kupitia dirishani walimwona katikati ya ua, theluji ikimdondokea, akiongea, akiinamisha kichwa, akikiinua, akiinamisha tena.

"Yule anaongea na nani?" aliuliza Stamena, amekuja kusimama dirishani.

"Na mama mkwe."

"Maskini," alisema. "Mwite aje ale."

Saa sita walisimama watatu kuuzunguka mkate, wakaushika ukingoni, wakauzungusha mara tatu. Radivoj alianza sala, Stamena akaimaliza bila kukwama. Kisha wakavuta. Ukapasuka kwa sauti kavu. Stamena aligawa: hiki cha nyumba, hiki cha msafiri, hiki cha Vida huko Vienna, hata kama hawezi kukila. Halafu cha kila mmoja. Budimir alikipukutisha chake chote kwenye sahani, akichambua chembe kwa chembe kama yuko shimoni kwa wachimbaji wake, asipate kitu. Radivoj alikivunja chake mara mbili. Mkate mtupu, mtamu.

Stamena alikuwa anatafuna. Akaacha. Akatoa kitu kinywani kwa vidole viwili, akakifuta kwenye aproni.

Kaisari alikuwa anang'aa kama ametoka kugongwa asubuhi ile: pua ndefu, taji la miali, ndevu fupi za mtu wa kambini.

"Naomba, bibi," alisema Budimir, na sauti yake haikuwa ya mtu wa makumbusho. Alienda nayo dirishani. Alikaa na lenzi muda mrefu hata supu ikaanza kufanya utando. "Ufa upo," alisema hatimaye. "Juu ya herufi ya tatu. Ni muhuri uleule. Ni ya kweli, mzee. Nilikosea."

Kwa miaka sita Radivoj aliyasikia maneno hayo kichwani mwake, shambani, zizini, kitandani. Kila mara yalikuja na tarumbeta. Sasa yalikuja kimya kimya, yakakaa mezani pamoja na chumvi, na yeye akakuta macho yake yako kwa Stamena, kuona kama amechoka.

"Ila bei yake nusu imebaki kwenye kitambaa," aliongeza Budimir, akiirudisha mkononi mwa Stamena. "Umeiosha kweli, bibi."

"Ilikuwa chafu," alisema Stamena.

Kwa desturi baba wa nyumba huikomboa sarafu kwa yule aliyeipata. Radivoj aliegemea meza. "Haya, mama Vida. Unataka nini, unirudishie?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ile ya mama."

Budimir hakuelewa, akachukua kijiko. Radivoj aliangalia mbao za sakafu, zile tatu, ambazo mpaka leo zina misumari tofauti na nyingine.

"Ile ya mama haikuanguka," alisema. "Niliitoa mimi, Stamena. Mnadani. Niliibadilisha kwa hiyo uliyoshika. Mbao uling'oa bure, na mimi nimesimama hapo nakumulikia."

Stamena aliigeuza sarafu. Alikunja kipaji kama anayefuata uzi mwembamba gizani, na kwa kitambo Radivoj alitamani uzi ule umkatikie, kisha akaona aibu kutamani hivyo.

"Uliibadilisha kwa hii?"

"Kwa hiyo."

"Basi ile ya mama ndiyo hii." Akaipima uzito kiganjani. "Ilikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye kiberiti."

"Mjinga we," alisema bila hasira, akaitia mfuko wa aproni, akaanza kumpakulia mgeni.

Baada ya mlo Budimir alitoa daftari. "Nimeshaandika toka nyumbani. Sarafu ya fedha, uzito nitapima sasa hivi, mwenyewe Radivoj Trailov."

"Futa."

"Nifute nini?"

"Jina. Si yangu. Imemwangukia yeye, na bei niliyotajiwa sina. Andika Stamena Trailov."

Budimir alishikilia kalamu juu ya karatasi. "Mzee, kitabu kinakaa. Sisi wote tutakuwa hatupo na chenyewe kipo."

"Ndiyo maana nakwambia uandike. Herufi kubwa."

Aliandika. Akauliza mahali ilipopatikana.

"Kwenye mkate," alisema Stamena, ambaye hakuna aliyedhani anasikiliza.

"Mfereji wa jembe, upande wa juu wa kinu cha zamani," alisema Radivoj. "Lakini umemsikia mwenye mali."

Budimir alitabasamu, akaandika mistari miwili badala ya mmoja. Saa nane aliondoka kuelekea kwa mama mkwe, amevishwa skafu ya Radivoj, na kile kipande cha mkate cha msafiri kimefungwa kwenye gazeti kwapani.

Wazee walibaki na jiko. Stamena aliketi kwenye kigoda chake, akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akashangaa.

"Nani huyu?"

"Kaisari," alisema Radivoj. "Alitawala miezi michache tu, hapa hapa kwetu."

"Halafu?"

"Halafu askari wake wakamwua."

Uso wa Stamena ulinywea. "Maskini. Na mkewe?"

"Haijulikani."

Akamrudisha mfukoni. Gogo lilijigeuza motoni. Baada ya muda akaingiza mkono tena.

"Nani huyu?"

Radivoj alimtazama. "Kaisari. Alitawala mwaka mzima, na kidogo juu yake."

"Na askari?"

"Walinung'unika. Akawapa rakia, wakatulia."

Mara ya tatu alitawala miaka mitano, akajenga daraja juu ya Danubi. Mara ya nne akawa na binti, ameolewa mbali, anaandika barua kila mwezi. Radivoj, ambaye kwa maisha yake yote alimkatiza maneno yeyote aliyekosea tarehe moja ya makaisari, alitia miaka bila kuona haya, kama mtu anayetia kuni. Theluji juu ya uzio ilipoanza kuwa ya buluu, Pakatiani alikuwa amefikisha miaka ishirini na sita kwenye kiti chake, amenenepa kidogo, haendi tena vitani kwa sababu ya magoti.

"Na alikufaje?" aliuliza Stamena.

"Kwa uzee. Kitandani kwake, mkewe yupo pembeni."

"Hapo sawa," alisema Stamena, akaishika sarafu kiganjani, safari hii hakuirudisha mfukoni.